Nyuso zetu ziko ukutani, majina yako wapi?

Asubuhi moja bandarini Rumonge, wakati akina mama wanaanika ndagala, nilimwonyesha mchuuzi mmoja picha iliyomo kwenye simu yangu. Ni picha ya uso wa mwanamume wa Kiafrika, uso wa sanamu, unang'aa kwa rangi ya dhahabu. Mama huyo amevuka ziwa kwenda Kigoma na Baraka kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliitazama picha, akaisogeza karibu na macho, kisha akacheka.

"Mwalimu, mbona huyu ni mtu wa Baraka? Nimewahi kupanda boti yake."

Nikamweleza kuwa sanamu hiyo iko Ubelgiji, na kwamba imesimama ndani ya jumba moja kubwa kwa takriban miaka mia moja. Akaacha kucheka. Akaniuliza swali ambalo nami nilikuwa nimelibeba tangu nilipoipiga picha ile: "Sasa aliitwa nani?"

Ndugu msomaji, makala haya ni juu ya swali hilo. Wengi wetu tunaosoma ukurasa huu ni watu tuliorudi kutoka ukimbizini, au ni wafanyabiashara ambao maisha yao ni kuvuka mpaka na kurudi. Sote tunajua maana ya kusimama mbele ya meza ya ofisa na kuulizwa: wewe nani, mtoto wa nani, na nani anakujua? Ndiyo maana habari hii ya sanamu za mbali inatuhusu.

Tajiri anayehesabu senti

Desturi ya kuficha sura za watu halisi katika mapambo ya majengo ni ya zamani sana huko Ulaya, na baadaye ilifika Marekani. Mpita njia huona ua, jani, malaika au kichwa cha mtu kisicho na maana, kumbe kichwa kile ni cha mtu aliyeishi, aliyekula na kudaiwa madeni kama sisi.

Wafanyabiashara watalipenda jengo la Woolworth la mjini New York. Lilifunguliwa Aprili 1913, likiwa na urefu wa mita 241, na hadi mwaka 1930 hakuna jengo refu la ghorofa duniani lililolishinda. Mwenye jengo, Frank Woolworth, alipata utajiri wake kwa kuuza vitu vidogo vidogo vya senti tano na senti kumi. Gharama za ujenzi, dola milioni 13.5, alizilipa taslimu. Ukiingia ukumbini na kuinua macho, utaona chini ya dari vichwa vilivyochongwa kwa utani. Mmoja ni Woolworth mwenyewe akihesabu sarafu zake. Mwingine ni Cass Gilbert, msanifu wa jengo, amekumbatia mfano mdogo wa jengo alilolichora. Walijicheka wenyewe, na majina yao tunayo.

Huko Prague, katika kanisa kuu la Mtakatifu Vitus, kuna mstari wa sanamu 21 za vichwa na vifua uliowekwa juu sana, mahali ambapo mwabudu aliye chini hawezi kuwaona vizuri. Zilichongwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 14. Yumo mfalme Charles IV, wamo wake zake, na yumo pia fundi mkuu Peter Parler aliyesimamia ujenzi. Fundi wa mawe amewekwa safu moja na mfalme, na kando ya sanamu yakaandikwa maelezo ya kila mmoja ni nani.

Lakini si wote waliopata heshima hiyo. Katika mji wa Šibenik, pwani ya Kroatia, kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo limezungukwa kwa nje, upande wa nyuma, na nyuso 71 za mawe: wanaume, wanawake na watoto. Ni kazi iliyoanzishwa na fundi Juraj Dalmatinac, aliyekabidhiwa ujenzi mwaka 1441. Wenyeji husimulia kuwa ni sura za watu wa mji wenyewe, na kwamba bahili waliokataa kuchangia ujenzi ndio waliochongwa kwa sura mbaya. Iwe kweli au iwe utani wa mtaani, ukiziangalia nyuso hizo huoni malaika hata mmoja. Unaona mtu wa sokoni, mwenye usingizi, mwenye hasira, mwenye shavu lililovimba. Majina yao hayakuandikwa. Hata hivyo wajukuu wa wajukuu wao bado wanapita chini yake kila siku, na vita vya mwaka 1991 vilipofika na kombora likapiga kuba la kanisa, walilitengeneza tena. Uso usio na jina, ukibaki nyumbani, angalau una watu wa kuulinda.

Je, uso usio na jina ukiwa ugenini?

Ukumbi wa dhahabu

Mwaka 2022 dada yangu anayeishi Ubelgiji alinialika harusi ya binti yake. Yeye alipata makazi huko akitokea ukimbizini Tanzania, nami nilirudi Burundi. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na minne. Baada ya harusi alinishika mkono, akaniambia: "Mdogo wangu, wewe ni mwalimu wa historia. Twende nikuonyeshe mahali."

Tulipanda tramu inayopita kando ya msitu mkubwa hadi Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Hapo ndipo lilipo jumba la Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Mfalme Leopold II ndiye aliyeagiza lijengwe, akampa kazi msanifu Mfaransa Charles Girault. Leopold alifariki Desemba 1909, na jumba likafunguliwa mwaka 1910 na mrithi wake, Albert I. Herufi L mbili zilizogeuziana migongo, alama ya Leopold, zimechongwa kwenye kuta zake mahali pengi.

Katikati ya jumba kuna ukumbi wa mviringo wenye kuba refu na sakafu ya marumaru. Ndani ya kuta zake zimesimama sanamu za rangi ya dhahabu. Kadhaa kati yake ni kazi ya mchongaji Mbelgiji Arsène Matton. Moja inaitwa Ubelgiji ukileta ustaarabu Kongo, nyingine Ubelgiji ukileta usalama. Wazungu katika sanamu hizo wamesimama wima na ni wakubwa. Waafrika wako chini yao, wadogo, wengine wameinua macho kama mtoto anayeomba maji.

Ipo na sanamu iitwayo Utumwa. Mwenye kilemba anamkanyaga mtu mmoja na kumkamata mwanamke. Mgeni anayeingia anaambiwa kwa jiwe na shaba kuwa mkosaji ni Mwarabu na mwokozi ni Mbelgiji. Sisi tunaozungumza Kiswahili kandokando ya ziwa hili hatuwezi kukana kuwa misafara ya watumwa ilipita Ujiji. Ilipita, na babu zetu waliteseka. Lakini sanamu ile haisemi kuwa mwaka 1887 Leopold huyohuyo alimteua Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, awe gavana wake katika eneo la Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani.

Plasta juu ya uso

Nilipokuwa nikizitazama sanamu zile, niligundua jambo. Mavazi na mikao yao ni ya kubuni, lakini nyuso za Waafrika si za kubuni. Pua, kidevu, paji la uso, vyote vina upekee wa mtu mmoja. Nilimwambia dada, "Hawa ni watu."

Na kweli ni watu. Mwaka 1911 Matton alitumwa Kongo na serikali ya Ubelgiji kwa ajili ya kazi hiyo. Alikwenda na plasta, akachukua umbo la nyuso za watu walio hai.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, huenda hivi. Mtu hulazwa au huketishwa. Uso hupakwa mafuta ili plasta isishike nywele na ngozi. Hufumba macho na mdomo, puani huachwa nafasi ya kupumulia, kisha uji wa plasta humwagwa juu ya uso wote. Plasta inapoganda hupata joto, na mtu hatakiwi kucheka, kukohoa wala kusema neno. Ikishakauka hubanduliwa, na ndani yake inabaki alama ya uso, hadi mikunjo midogo. Fundi akimimina plasta nyingine ndani ya alama ile, anapata uso kamili, macho yamefumbwa. Kazi ya kuyafumbua macho hayo ni ya mchongaji, baadaye, katika karakana yake.

Fikiri wewe mwenyewe, ndugu msomaji. Mwaka ni 1911. Miaka mitatu tu imepita tangu Kongo itolewe mikononi mwa Leopold na kufanywa koloni la Ubelgiji, na makovu ya mpira na pembe bado mabichi. Anakuja mgeni akiwa na idhini ya serikali, anakuambia ulale, ufumbe macho, akufunike uso. Je, ungeweza kusema hapana?

Kisha uso wako unapelekwa safari ya meli, unafanyiwa kazi, unapakwa dhahabu, unawekwa miguuni mwa mtu usiyemjua ili ushuhudie jambo ambalo hukulisema. Na jina lako linaachwa njiani.

Majina 1,508 na majina saba

Kutoka ukumbi ule wa mviringo tuliingia katika chumba kirefu cha kumbukumbu. Ukutani yameandikwa majina 1,508. Ni majina ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya mwaka 1876 na 1908. Mtu baada ya mtu, jina na ukoo. Mamilioni ya Wakongo waliishi na wengi wakafa katika miaka hiyohiyo, na hakuna hata mmoja aliyeandikwa pale.

Lakini dada aliniambia nisimame, nitazame vizuri. Jua la mchana lilikuwa likiingia kupitia madirisha, na juu ya majina yale ya Wabelgiji kilikuwa kimeanguka kivuli cha maandishi. Ni kazi ya msanii Mkongo Freddy Tsimba, ameiita Vivuli. Ameandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji, na jua likitoka, majina hayo hutua ukutani juu ya yale mengine. Jua likijificha, yanapotea.

Habari yao ni hii. Mwaka 1897 Leopold alifanya maonyesho makubwa, na huko Tervuren wakaletwa Wakongo 267. Walijengewa vijiji vya maonyesho ndani ya bustani, na watu zaidi ya milioni moja wakaenda kuwatazama. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi na mvua. Saba wakafa. Majina yao ni Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao saba yako kando ya kanisa la Tervuren hadi leo. Tulikwenda. Dada alikuwa amenunua maua dukani, akayagawa saba.

Nilitambua hapo tofauti iliyopo. Wale saba walifia ugenini, lakini tunaweza kuwaita. Wale wa plasta walirudi majumbani kwao siku ileile, wakaoa, wakazaa, wakazeeka, nasi hatuwezi kuwaita.

Kichwa kutoka ziwa letu

Jumba lile lilifungwa kwa matengenezo Desemba 2013, likafunguliwa tena Desemba 2018. Wengi walitaka sanamu za dhahabu ziondolewe. Haikuwezekana, kwa sababu jengo pamoja na sanamu zilizomo kutani linalindwa kisheria kama urithi wa kale. Ikabidi itafutwe njia nyingine. Msanii Mkongo Aimé Mpane alichonga kichwa kikubwa cha Mwafrika kwa mbao, kikawekwa katikati ya ukumbi. Halafu, mwaka 2020, yeye pamoja na Mbelgiji Jean Pierre Müller walitundika mbele ya sanamu za zamani vitambaa vyepesi vinavyopitisha mwanga, vimechorwa picha nyingine. Sasa huwezi kuitazama sanamu ya zamani bila kupitisha macho katika jibu lake.

Mpane aliongeza na kichwa cha pili, fuvu, likikitazama kile cha kwanza. Fuvu hilo linamkumbusha Lusinga, na hapo nilishtuka, kwa kuwa Lusinga ni mtu wa Ziwa Tanganyika. Alikuwa chifu wa Watabwa, upande wa magharibi, kusini ya huku kwetu. Mwaka 1882 ofisa Mbelgiji Émile Storms alifika Karema, ambako leo ni Tanzania, kisha akavuka ziwa na kujenga kituo Mpala. Desemba 1884 watu wake walimshambulia Lusinga, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu lake likapelekwa Ubelgiji pamoja na vitu vyake. Tusimpambe: Lusinga naye alikuwa mtekaji wa watu na mwuzaji wa watumwa, na jirani zake walimwogopa. Hata hivyo kichwa cha mtu si mali ya kuwekwa kabatini.

Sanamu ya Storms ilisimama katika bustani moja ya Brussels kwa miaka mingi. Iliondolewa tarehe 30 Juni 2022, wiki chache kabla sijafika.

Uso wangu mbele ya wazee

Sasa niseme kwa nini jambo hili liliniuma zaidi ya mgeni wa kawaida.

Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Shule zangu zote nilisoma Tanzania. Babu yangu alichukuliwa mwaka 1972 hapa Rumonge, hakurudi. Hakuacha picha hata moja. Baba alikimbia akiwa kijana, akafia ugenini. Mwaka 2008 nilirudi na mama, nikiwa na vyeti vya shule na masanduku mawili, na tukakuta shamba la babu, lenye michikichi aliyoipanda kwa mkono wake, linalimwa na familia nyingine. Nao hawakuwa wezi. Walilipata shamba tupu, watoto wao wamezaliwa pale.

Tukaitwa mbele ya wazee wa kilima. Wakaniuliza karatasi. Sikuwa nayo. Wakaniuliza mashahidi. Mimi sikuwa nimewahi kuishi hapo, ningemjua nani? Mama alianza kulia.

Ndipo mzee mmoja, macho yake yamekwisha kufifia, akaomba nisogee. Alinishika kidevu, akanigeuza uso kuelekea mwanga wa mlango. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Mjukuu wangu, paji hili nalijua. Mwenye paji hili tulichunga naye ng'ombe." Akataja jina la babu, jina lake kamili na la baba yake, ambalo hata mimi sikulijua. Akamwambia karani: "Andika."

Hatukupewa shamba lote. Liligawanywa kati yetu na familia ile, nasi tumekuwa majirani wa kuombana chumvi. Mzee yule amekwisha kufa. Lakini nisisahau lililotokea: uso ulinifikisha mlangoni, na jina ndilo lililofungua. Kama mzee angesema tu, "Nimewahi kuuona uso huu," bila jina, karani asingekuwa na cha kuandika.

Tuandike tungali hai

Niliporudi kutoka Ubelgiji niliwaonyesha wanafunzi wangu picha za ukumbi ule. Walikasirika kidogo, wakacheka kidogo, kisha mmoja akauliza, kama yule mama wa bandarini, "Mwalimu, huyu aliitwa nani?" Sikuwa na jibu. Nikawapa kazi ya nyumbani: kila mmoja achukue picha ya zamani iliyoko kwao, aulize wazee, na aandike nyuma yake majina ya wote wanaoonekana, mwaka na mahali.

Matokeo yalinitisha. Katika picha nyingi, hasa za familia zilizotoka makambini, kulikuwa na mtu mmoja au wawili ambao hakuna nyumbani aliyeweza kuwataja. "Jirani wa kambini." "Mama aliyetuuzia mihogo." "Rafiki wa baba." Mtu huyo yumo kwenye picha ya Pasaka, kambeba mtoto wetu, na tayari amekuwa uso bila jina, miaka ishirini tu baadaye. Hakuna mkoloni aliyetufanyia hilo.

Kwa hiyo tusiishie kuwalaumu wa Tervuren, ingawa lawama wanayo. Nchi zetu zina haki ya kudai orodha na daftari za safari zile zifunguliwe, na kama kuna jina la mtu wa plasta limeandikwa mahali, lisomwe kwa sauti katika kijiji alichotoka. Na sisi wenyewe, tunaovuka ziwa kila wiki, tunaweza kubeba picha hizo na kuwaonyesha wazee wa Uvira, Baraka, Moba na Kigoma kabla hawajaondoka.

Yule mama wa ndagala aliniomba nimtumie picha ile kwenye simu yake. Wiki mbili baadaye alirudi kutoka Baraka. Alikuwa ameionyesha kwa watu wengi pale mwaloni. Mmoja alisema ni ukoo wa mjomba wake, mwingine akasema hapana, ni sura ya watu wa milimani. Jina hakupata.

"Lakini Mwalimu," akaniambia, "nimekuja na yangu."

Akatoa ndani ya kanga picha iliyochakaa pembe: wanawake wanne na watoto, wamesimama mbele ya hema. Yeye hajui kuandika. Alikaa juu ya gunia la dagaa, akanitajia mmoja mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, nami nikaandika kwa kalamu ya wino. Mwanamke wa tatu alimfikiria kwa muda mrefu. Boti lilipiga king'ora, abiria wakaanza kupanda, naye bado ameshika kichwa akilitafuta jina.

"Usiondoke," akaniambia. "Nitalikumbuka."

Nikabaki nimeketi, kalamu mkononi, nikimsubiri.